Zakayo Alipotaga Mayai



Padre wetu ametuomba tuandike neno la mwezi huu. Bila shaka alidhani kwamba mwalimu mzee ataandika juu ya elimu, naye hakukosea sana, maana tutafika huko. Lakini hatuna budi kuanza na kinyonga.

Wengi wenu mlipata habari za kinyonga wetu, na wachache miongoni mwenu mliacha kupita njia ya nyumbani kwetu kwa ajili yake. Hatuwalaumu. Sisi tulizaliwa na kukulia hapa hapa, katika miteremko ya Usambara Mashariki, nasi twajua jinsi kiumbe huyu anavyoogopwa. Tulipokuwa watoto tuliambiwa kwamba ana sumu, na kwamba kumkuta njiani asubuhi ni ishara mbaya. Kwa hiyo tulimpiga mawe. Wavulana wakubwa walimtia tumbaku mdomoni wapate kuona anavyogeuka rangi mpaka kufa, na sisi wadogo tulisimama tukicheka. Twaandika jambo hili kwa aibu, wala si aibu kubwa kuliko zote mtakazosoma katika ukurasa huu.

Mwezi wa Februari mwaka huu mjukuu wetu, msichana wa miaka 10, alirudi kutoka shuleni ameshika kijiti kirefu, na juu ya kijiti amekaa kinyonga wa kijani. Alikuwa amewanyang'anya wavulana waliokuwa wakimtupia mawe kando ya mto. Mguu wake mmoja wa nyuma ulikuwa umeumia. Tulipomwambia mtoto akamrudishe alikomtoa, alijibu kwamba alimkuta juu ya mkuyu, watu wote wakimchukia, basi amempa jina la Zakayo. Sasa ninyi mlio walimu wa shule ya Jumapili, tuambieni: mtoto aliyeisoma Luka 19 vizuri namna hiyo, mtamkatalia kwa neno gani? Tukasema akae mpaka mguu upone.

Hivyo Zakayo akashuka, akaingia nyumbani mwetu.

Kumtunza kinyonga si kazi ngumu, ila ni kazi inayotaka macho. Tulichukua kasha la mbao, tukaliondolea upande mmoja na kuuziba kwa kipande cha chandarua cha zamani, tukamwekea ndani matawi ya mpera apate kupanda. Siku ya kwanza tulimwekea maji katika kibakuli, asiyatazame hata kidogo. Kumbe kinyonga hanywi kutoka chomboni. Yeye hunywa matone ya umande na mvua yaliyotulia juu ya majani. Basi kila asubuhi na jioni tulinyunyiza maji juu ya yale matawi, naye akanyosha shingo akinywa tone moja moja, polepole, kama mzee aliyepewa kahawa ya moto. Chakula chake ni wadudu walio hai: panzi, nzi, senene wakiwapo. Mdudu aliyekufa hamtaki. Hukaa kimya, jicho moja likitazama mbele na jingine nyuma, na ghafula ulimi wake hutoka, mrefu kupita mwili wake, panzi akawa hayupo. Mjukuu wetu, ambaye hajapata kuamka mapema kwa ajili ya sala za asubuhi, aliamka alfajiri kila siku kukamata panzi majanini.

Wako waliotukumbusha kwamba katika Walawi 11 mijusi wamehesabiwa miongoni mwa vitambaavyo vilivyo najisi, na kinyonga ni jamii ya mijusi. Ni kweli. Lakini sura ile yahusu kula na kugusa mizoga, nasi hatukuwa na nia ya kumla. Tena yule Aguri wa Mithali 30 alipotafuta viumbe wadogo wenye akili kuwapita wakubwa, alimtaja mjusi pamoja na chungu na nzige, akasema kwamba hupatikana hata katika nyumba za wafalme. Nyumba yetu si ya mfalme, lakini paa haivuji.

Mwezi wa Machi Zakayo alianza kunenepa. Tulijisifu. Mguu ulikuwa umepona, ngozi imekuwa ya kijani safi, na tumbo limejaa. Tuliwaambia wageni kwamba hayo ndiyo matokeo ya malezi mazuri. Tulikuwa tumekusudia kumwachia huru baada ya Pasaka.

Kisha, mvua za masika zilipokwisha kushika, aliacha kula. Panzi walimrukaruka puani asiwajali. Akashuka kutoka matawini, jambo ambalo hakupata kulifanya, akawa anazunguka sakafuni mwa kasha mchana kutwa. Usiku tulimsikia akiparua mbao kwa makucha, krr, krr, akapumzika, akaparua tena. Rangi yake ilikuwa ya kahawia iliyochafuka. Sisi tulidhani amekula mdudu mbaya, tukasema, "Zakayo anakufa." Mtoto akalia.

Bibi yake alikuja na taa, akainama, akamtazama kwa muda mrefu. Akasema, "Haumwi. Huyu ana mimba."

"Zakayo?"

"Zakayo."

Asubuhi tulimpigia simu bwana mmoja tunayemfahamu, ambaye amefanya kazi miaka mingi katika msitu wa hifadhi wa Amani. Kwanza alitukaripia. Mnyama wa porini hafugwi nyumbani bila kibali, alisema, na sheria iko wazi tangu mwaka 2009. Mguu ulipopona ilitupasa tumrudishe siku ile ile. Tulikubali kosa. Kisha akauliza habari za tumbo, na kuparua, na kama miguu ya nyuma ina kijipembe kisiginoni. Hakina, tukamjibu. Basi ni jike, akasema, maana katika aina hii yenye vipande viwili vya ngozi nyuma ya kichwa kama masikio, dume ndiye mwenye kile kijipembe. Mimba alikuja nayo kutoka mtini, au alikuja na mbegu ya dume ndani yake, kwa kuwa jike wa kinyonga aweza kuitunza mbegu hiyo miezi mingi.

Ndipo akatuambia neno lililotushtua. Kinyonga wa namna hii hutaga ardhini. Hushuka kutoka mtini, hutafuta udongo laini wenye unyevu, huchimba shimo lenye kina, hutaga humo, hulifukia, huondoka. Asipopata udongo wa kuchimba, hatagi. Huyazuia mayai tumboni siku baada ya siku, akitafuta mahali, mpaka nguvu zimwishie, na mwisho mayai yale humwua. "Hapo alipo," alisema, "anaparua mbao kwa sababu hamkumpa ardhi."

Hatukunywa chai. Tulikata pipa bovu, tukalijaza udongo mweusi wa bustani uliochanganywa na mchanga, tukaunyunyizia maji kiasi cha kushikana bila kutota, kina chake kutoka ncha za vidole mpaka kupita kiwiko. Tukaliweka chini ya mpera, tukalizungushia chandarua, tukamweka Zakayo juu ya udongo. Alikaa kitambo. Akanusa kona hii, akaenda kona ile, kisha akaanza kuchimba kwa mikono yake midogo iliyogawanyika kama koleo. Ilikuwa yapata saa tatu ya asubuhi. Saa sita kichwa kilikuwa hakionekani. Jioni ulionekana mkia tu. Yule bwana alikuwa ametuonya kwamba asisumbuliwe, maana akitishwa huacha shimo na kuanza upya, na nguvu za kuanza upya huenda asiwe nazo. Basi tuliwafukuza kuku, tukamfunga mbwa, tukaketi mbali kidogo, wazee wawili na mtoto mmoja, na mvua ilipoanza kunyesha tulilifunika pipa upande mmoja kwa bati, na sisi wenyewe tukakaa chini ya mwavuli.

Mtoto alisinzia. Ilikuwa yapata saa tatu ya usiku. Bibi yake, ambaye si msemaji, alisema, "Mwalimu, yule binti hatukumkalia namna hii hata saa moja."

Hakutaja jina. Wala hakukuwa na haja.

Ndugu wapenzi, ninyi wengi mnatufahamu kama mwalimu. Tulitoka chuo cha ualimu mwaka 1983, tukafundisha mpaka tulipostaafu mwaka 2020, na katika miaka hiyo tulishika ualimu mkuu katika shule zaidi ya moja. Tumezika wanafunzi wetu na tumesimamia arusi za wanafunzi wetu. Watu hutuamkia njiani, nasi hupokea. Lakini kuna kazi moja ya mwalimu mkuu ambayo hatukupata kuieleza kanisani. Kila muhula wasichana wa madarasa ya juu walipangwa mstari, akaletwa mama mmoja wa kuwapapasa matumbo. Aliyekutwa na mimba aliitwa ofisini, mzazi akaitwa, na mwalimu mkuu akaandika barua ya kumfukuza shule. Ndivyo ilivyokuwa desturi, na baadaye mwaka 2002 kanuni ziliandikwa ambazo zilitoa nguvu ya kufanya hivyo. Barua ilikuwa fupi, sentensi tatu. Katika miaka yote tulitia sahihi barua saba.

Mmoja katika hao saba alikuwa mwanafunzi bora wa hesabu tuliyepata kumfundisha. Ulikuwa mwaka 1997, naye yuko Darasa la Saba, imebaki miezi miwili tu afanye mtihani. Alisimama mbele ya meza yetu ameshika daftari. Hakulia. Babaye ndiye aliyelia, kisha akampiga pale pale mbele yetu, nasi hatukumzuia mara moja. Tulimpa barua. Alitoka kwa mlango wa nyuma ili wenzake wasimwone. Mwanamume hakuitwa, wala hakuulizwa, ingawa kijiji kizima kilimjua.

Na Jumapili iliyofuata sisi tulisoma somo la pili.

Msidhani kwamba twamlinganisha mtoto wa mtu na kinyonga. La, hasha. Twajilinganisha sisi na sisi. Mikono iliyomchanganyia mnyama udongo, ikapima unyevu wake kwa ncha za vidole, ndiyo mikono ile ile iliyotia sahihi. Mnyama alipokutwa na mimba tusiyoitazamia tuliuliza, "Anahitaji nini?" Binti alipokutwa na mimba tusiyoitazamia tuliuliza, "Ataondoka lini?" Naye pia alikuwa akiparua mbao. Kwa majuma kadhaa kabla ya ukaguzi ule alikuwa akikaa nyuma darasani, hajibu maswali aliyokuwa akiyajibu. Tuliona. Tulisema amekuwa mvivu.

Tulipofungua Biblia usiku ule, baada ya kuingia ndani, tuliitafuta Kumbukumbu la Torati 22, aya ya 6 na ya 7. Kwa miaka mingi tulikuwa tumeipita haraka kama sheria ndogo ya mambo ya ndege. Mtu akikuta kiota njiani, juu ya mti au chini, na mama ameyalalia mayai au makinda, amekatazwa kumtwaa mama pamoja nao. Yampasa amwachie mama aende zake. Na Bwana ameahidi kwa ajili ya amri hiyo ndogo baraka ile ile aliyoahidi kwa kuwaheshimu baba na mama, yaani maisha marefu. Twauliza: Mungu ambaye amesimama njiani kumkinga ndege aliye juu ya mayai yake, atasema nini juu ya ofisi yetu na ule mlango wa nyuma?

Tena tukafika Mathayo 1, somo ambalo mtalisikia kabla ya Noeli. Tumezoea kumsifu Yusufu, naye anastahili sifa. Lakini tazameni vema mahali aliposimama kabla ya malaika kumjia. Maandiko yanamwita mwenye haki, na huyo mwenye haki alikuwa amekwisha kuamua kumwacha Mariamu. Alikusudia kufanya hivyo kwa siri, kwa upole, pasipo kumtangaza. Mlango wa nyuma! Sisi tulijiona wapole kwa sababu hatukuwatangaza wasichana wale kwenye mstari wa asubuhi. Yusufu alihitaji kuamshwa na malaika ili ajue kwamba upole wa namna hiyo bado ni kumwacha mtu. Sisi tuliamshwa na kinyonga, na tumechelewa miaka mingi.

Na Elisabeti je? Luka anasimulia kwamba Mariamu aliondoka kwa haraka akaenda nchi ya vilima, nyumbani kwa jamaa yake, akakaa kwake kama miezi mitatu. Sisi tunaokaa vilimani twapaswa kuipenda habari hii. Huyu ni msichana mwenye mimba ambayo hawezi kumweleza mtu akaaminiwa. Alipobisha hodi, yule mama mzee hakumhesabia miezi, wala hakumwuliza habari za Yusufu. Alimbariki. Kisha akampa nyumba, na chakula, na siku tisini za kuamka asubuhi bila kutazamwa tumbo kwa jicho baya. Wimbo wa Mariamu tunaouimba katika sala za jioni uliimbwa humo ndani. Hatujui kama ungeimbwa Nazareti mlangoni.

Turudi kwenye pipa. Asubuhi tulikuta shimo limefukiwa na udongo umesawazishwa vizuri, hata mtu asiyejua asingedhani kitu. Zakayo alikuwa juu ya tawi la chini, amekonda, mbavu zimetokeza, uso umejaa matope. Tulimnyunyizia maji, akanywa kwa muda mrefu kuliko siku yoyote. Tulimpa panzi waliopakwa unga wa ganda la yai la kuku lililosagwa, kwa kuwa mayai humnyang'anya mama chokaa ya mifupa yake. Tulimlisha hivyo majuma mawili mpaka nguvu zikarudi, kisha tukampeleka mtoni, mjukuu wetu akampandisha juu ya mkuyu ule ule. Hakugeuka nyuma. Jicho moja huenda liligeuka, maana kwa kinyonga huwezi kujua.

Mayai tuliyaacha. Mtoto alitaka kuchimba ahesabu, tukamkataza. Yule bwana alisema kwa kawaida huwa kati ya ishirini na tano na hamsini, meupe, yenye ganda laini kama ngozi, na kwamba yai la namna hiyo likigeuzwa juu chini baada ya kutagwa, kilichomo huweza kufa. Yatakaa ardhini miezi tisa, labda mwaka mzima. Mama yake hatarudi kuyatazama kamwe. Ayubu 39 inasimulia hivyo hivyo habari za mbuni, anayeyaacha mayai yake katika mavumbi, na bado Bwana amtaja kwa fahari miongoni mwa kazi zake. Wajibu wetu ni kulinda udongo usikauke na kuku wasiparue, basi.

Mwezi wa Juni, baada ya kuomba sana na kuahirisha mara mbili, tulikwenda nyumbani kwa yule binti. Si binti tena. Ni mama wa watoto wanne, na yule wa mimba ya mwaka 1997 ni mwanamume mwenye watoto wake. Anauza nguo za mitumba mnadani. Alitukaribisha, akatoa viti nje kivulini, akaleta chai na mihogo, akatuamkia kama mwanafunzi anavyomwamkia mwalimu wake. Tulisema tuliyokwenda kusema, kwamba tulimkosea, kwamba hatukuwa na ujasiri, na kwamba twamwomba msamaha. Tulikuwa tumejitayarisha kwa hasira yake, na tulikuwa tumejitayarisha, twakiri, kwa machozi ya upatanisho kama yale ya katika mahubiri. Hayakuwapo yote mawili. Alimimina chai. Akasema, "Mwalimu, mimi nilitaka kufanya mtihani tu."

Kisha akaeleza habari za bei ya mitumba.

Hatukuweza kumjibu. Mtihani ule ulifanywa Septemba ya mwaka ule, na hakuna msamaha unaoweza kuurudisha. Alitusindikiza mpaka barabarani. Kama ametusamehe hatujui, wala hatukurudi kumwuliza, maana tungekuwa tunamwongezea kazi nyingine kwa ajili ya raha yetu.

Labda mtasema, hayo yalikuwa mambo ya zamani. Ni kweli kwamba tarehe 24 Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba msichana aliyeacha shule kwa sababu ya kujifungua aruhusiwe kurudi na kuendelea na masomo. Siku ile sisi tulikuwa tumekwisha kustaafu. Tuliisikiliza redio mpaka mwisho, kisha tukaizima. Na kwa wanaume, tangu mwaka 2016 sheria inamtaka aliyempa mwanafunzi mimba afungwe miaka 30. Basi mlango wa shule umefunguliwa. Lakini mlango wa shule si mlango peke yake. Msichana aliyejifungua anamwachia nani mtoto saa moja asubuhi? Anapita njia gani, akina mama wakiwa kisimani? Anaketi wapi kanisani? Twauliza kwa sababu tulikuwa wajumbe wa Halmashauri ya mtaa huu kwa miaka kumi na miwili, na twakumbuka majina yaliyosomwa ya waliotengwa na Meza ya Bwana. Yalikuwa majina ya kike karibu yote, kana kwamba katika mtaa wetu wasichana walikuwa wakitunga mimba kwa upepo. Wako waliokaa kiti cha nyuma mwaka mzima. Wako waliokwenda madhehebu mengine, nasi tukahubiri juu ya kondoo waliopotea.

Hatusemi kwamba dhambi si dhambi. Tumefundisha Amri Kumi miaka mingi mno tusizisahau uzeeni. Twasema kwamba toba huhitaji mahali pa kusimama, na mtu ambaye hajapewa mahali atasimama wapi?

Kuna binti mmoja katika mtaa wetu, nasi hatumtaji, ambaye alikuwa Kidato cha Pili. Mtoto wake ana miezi mitano. Shule zinafunguliwa Januari, na mwalimu mkuu wa sasa, kijana mwema, amekwisha kumwandikia nafasi. Mama yake mzazi hulima vibarua tangu alfajiri. Umoja wa Akina Mama walilizungumza jambo hili Alhamisi mbili. Alhamisi ya kwanza walibishana sana, na mama mmoja aliuliza kama sasa tunawapa wasichana zawadi kwa kuzaa. Bibi wa nyumba yetu alisimama, yeye ambaye si msemaji, akasema kwamba mtoto akae kwake asubuhi mpaka saa tisa, na anayetaka kuleta maziwa au sabuni alete, na asiyetaka asilete, wala hatamwuliza. Alhamisi ya pili wanne walileta. Yule mama aliyeuliza habari za zawadi alileta shuka mbili.

Kwa hiyo sasa nyumba yetu inatayarishwa tena. Kasha la Zakayo limevunjwa, na mbao zake tumeshindilia kitanda kidogo kilichokuwa kikitikisika tangu wakati wa watoto wetu. Mjukuu wetu amepewa kazi ya kufua nepi siku za Jumamosi, naye ameuliza kama mtoto mchanga naye hunywa matone kwa matone. Kitanda kitakaa barazani, upande wa asubuhi usio na jua kali. Pipa liko pale pale chini ya mpera, na mayai bado. Kila jioni mtoto huweka kiganja juu ya udongo, akiona umekauka hunyunyiza maji kidogo, kisha huenda kuwafungia kuku.